Malka Haifungwi kwa Waya

Hawayu, binti ya dada yangu,

Ni mimi mjomba wako Komora. Najua umeshanijua kabla sijajitaja, maana hapa kijijini hakuna mwingine mwenye ubishi wa kumwandikia mtu aliye kaburini. Sheikh alinicheka. Alisema marehemu hupelekewa dua, hapelekewi barua. Nikamjibu dua nimeshapeleka na nitazidi kupeleka, lakini nina mengine marefu, na baadhi yake siwezi kuyatamka nikiwa juu ya msala. Mwandiko uuvumilie. Niliishia darasa la tano, si kwa ujinga. Mwalimu aliona nimeshamfikia.

Habari yenyewe ni kwamba stima imekuja. Ile ya sola, uliyoipigia kelele kila kikao mpaka wakakuita Bi Sola. Imekuja kwa vita, na jemadari nilikuwa mimi. Uliza yeyote. Kwanza muulize mke wangu, kisha punguza nusu.

Ulipotutoka walikuja watu kunifariji. "Komora, ni kadari." Nikawaambia kadari naikubali, Mungu simgombi. Lakini nyoka alikuuma asubuhi, jua linawaka, mafuriko yamekata barabara ya Garsen, na dispensari yetu iko palepale karibu na shamba ulilokuwa unavuna mpunga. Ina mlango, ina kitanda, ina nasi wa kuuguza watu. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwamo. Nasi alituambia huku analia: dawa ile haikai bila friji, na friji haikai bila stima. Hilo si la Mungu. Hilo ni la watu, na mimi silisamehe hata leo.

Nilipiga kasia siku ile kukupeleka Garsen, Hawayu. Mtumbwi ule haujawahi kwenda vile. Nilikuwa nakusimulia habari ya mamba wa Ozi niliyemburura kwa mkia, ili usisinzie. Ukafumbua jicho moja ukasema, "Mjomba, punguza mamba. Juzi alikuwa kenge." Hukusema tena. Wenzangu huachiwa wasia, mimi nimeachiwa kusutwa, na sitakubali kubadilishana na yeyote.

Basi, watu wa mradi wa sola wakaja. Injinia wao, kijana wa bara mwenye kofia pana, alizunguka kutwa akapata mahali palipompendeza: ule uwazi unaoteremka mtoni. Hauna mti, hauna nyumba, jua linaupiga tangu kuchomoza. Akachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu. "Hapa hapana mwenyewe," akasema. "Tutazungusha waya, tupange vioo vya sola ndani."

Alikuwa amesimama katikati ya malka.

Yeye simlaumu sana. Ilikuwa wakati wa mvua, ng'ombe wa Waorma, jirani zetu wafugaji, wako mbali nyikani wanakunywa madimbwi, na majani yameshafunika nyayo zao. Mgeni atajuaje kuwa ile ndiyo njia ya kunyweshea, na kwamba kiangazi kikikaza ng'ombe wote wa upande ule hushukia hapo, kama walivyokubaliana babu za babu zetu? Lakini sisi tulijua. Sisi wakulima tulijua, na tukanyamaza. Wengine walifurahi kabisa. Jirani yangu Buya alinivuta kando: "Funga mdomo, Komora. Waya ni wa mradi, si sisi tuliofunga. Wafugaji watatafuta pengine."

Pengine wapi? Tumeshazika watu wa pande zote mbili kwa ajili ya njia ya maji. Nikakumbuka ulivyosema kikaoni, wazee wakainamisha vichwa: "Taa inayomnyima jirani maji itakuja kumulika jeneza."

Nikaenda nikang'oa kijiti cha kwanza. Ningependa kukuambia niliving'oa vyote kwa mkono mmoja huku naimba. Cha tatu kilinishinda. Hapo akafika Barisa, yule Muorma aliyekuwa akimletea mama yako maziwa. Alikuwa amesikia habari Minjila akaja mbio na pikipiki. Alivitazama vile vijiti, akaniuliza mbele ya watu, "Komora, ng'ombe wangu mtawanywesha stima?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tukaving'oa vilivyobaki pamoja.

Injinia alikasirika. Alisema kama hatuna mahali pengine pa kumwonyesha kabla hajapanda gari lake, vioo vitakwenda kwa kijiji kinachovitaka. Ndipo watu wakanigeukia. Buya alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie: "Mpwa wako kafa kwa kukosa stima, na stima imekuja wewe unaifukuza." Neno lile nililimeza. Mpaka leo liko tumboni.

Mahali pengine ni wapi huku kwetu? Mashamba yote huzama mto ukifura. Kando ya mto ni msitu, kivuli kitupu. Kilibaki kilima kimoja ambacho maji hayajawahi kukilamba, nacho ni changu. Unakijua. Ndipo ulipo msingi wa ghorofa yangu. Ghorofa ile inajulikana mpaka Kipini na Bura. Nimeisimulia mpaka ikapata roshani mbili. Nilisimama pale nikautazama msingi wangu kama mtu anayetazama mtoto anayekwenda kuolewa mbali. Kisha nikamwambia injinia: weka hapa. Mke wangu akasema, "Afadhali. Miaka yote hiyo ghorofa imekaa mdomoni, leo angalau itabeba kitu."

Imebeba. Ukiwa Minjila unaviona vioo vinavyong'aa. Ukiwa na macho kama yangu, hata Garsen.

Vita havikuishia hapo. Mradi ulitaka kuanza na wenye maduka, eti hao ndio walipaji. Nikakaa juu ya msingi wangu nikawaambia hautapita waya wa duka kabla ya waya wa dispensari. Halafu bei. Nilisema mkiuza stima kama dhahabu, nitaanika mpunga wangu juu ya vioo vyenu. Barisa alikaa kando yangu na fimbo yake, na kule kukaa kwake kuliwatisha kuliko maneno yangu yote. Sasa hata bibi mjane wa pale kisimani hulipia kwa simu kidogo kidogo, kama anavyonunua sukari. Waya umevuka mpaka kwa kina Barisa pia. Aliyesema hiyo ni hisani nilimtoa nyumbani kwangu; si hisani, ni haki.

Kiangazi kikaja, ng'ombe wakashuka malka. Vumbi lilifunika kijiji. Hakuna waya uliowazuia, wakanywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Mmoja alichepuka akala mgomba wa Buya. Buya alifoka kutwa nzima, kisha akaenda kuchaji simu yake.

Friji imewashwa dispensari, na dawa imefika. Nasi aliifuata mwenyewe Garsen. Nikamwomba niishike kidogo. Akaniwekea kichupa kiganjani, kidogo kuliko yai la kanga. Kilikuwa baridi, Hawayu. Kilikuwa baridi mpaka mifupa ya vidole. Kitu kidogo vile. Nasi akakichukua, akakirudisha ndani, akanikataza kufungua friji yake hovyo.

Wewe hakikukuta. Hilo sitalizoea, na wasiniombe nilizoee.

Lakini sikiliza ahadi yangu. Vioo nitavipangusa mwenyewe, maana vijana wanavikwangua kama masufuria. Betri zikichoka, nitakwenda kulala mlangoni kwa hao wakubwa wa mradi mpaka wazibadilishe. Atakayekuja na waya kwenye malka, atanikuta mimi na Barisa tumekaa. Na mtoto atakayeumwa na nyoka, awe wetu, awe wa Waorma, awe wa Buya mwenyewe, atachomwa sindano hapahapa, kwenye kitanda chetu, mama yake akiwa amemshika mkono. Hatapakiwa mtumbwini.

Pumzika, mpwa wangu. Mungu akupe nafasi na nuru. Huku mto umeanza kufura, nyoka wanapanda kuja majumbani, na friji inanguruma.

Mjomba wako,
Komora