Jezi ya Kipa

Alhamisi, Kibwezi

Panya. Kati ya uongo wote, nilimwambia ni panya.

Musyoka, katibu wa ligi yetu ya hapa, alikuja mchana kuulizia jezi ya marehemu mume wangu. Wanakusanya historia ya ligi, waionyeshe Jumamosi kabla ya fainali.

"Mama Mwende, timu ya mzee ndiyo ilibeba kombe la kwanza, na hatuna hata picha. Hiyo jezi yake ya kipa ingetosha."

"Panya waliimaliza," nikasema.

Na jezi iko shambani. Ndege walikuwa wananimalizia mtama, nikafunga vijiti viwili msalaba, nikavivalisha nguo ya kwanza niliyoipata sandukuni. Ningemwambiaje? Kwamba mzee nimemfanya...

Aki, ningesema ukweli tu. Ningeifua, na kufikia Jumamosi ingekuwa imekauka. Sasa watasoma jina la timu tu, kana kwamba haikuwahi kuwa na watu.

Tena nilisahau kwamba njia ya kurudi barabarani inapita kando ya mtama. Nikiwa mlangoni nilimwona Musyoka amesimama pale, mbele ya ile mikono iliyonyooshwa. Akavua kofia. Kisha akaenda zake bila kugeuka.