Mafuta ya Bangi Hayafungui Koo la Dereva

“Bangi ni mmea wa Mungu, anayeipinga hajasoma.” Ndivyo anavyonitupia shemeji yangu Alawi, mpendwa Bi Mwajabu, nami nimemjibu kwamba hata mbono wenye mbegu za sumu ni mmea wa Mungu na hakuna anayeutia kwenye mchuzi, lakini nyumba imegawanyika, ndiyo maana nakuomba msaada.

Mume wangu Bilali anaendesha lori la kokoto kutoka Lugoba kuja huku Mapinga kwenye viwanja vinavyojengwa, miaka ishirini na mbili hajagonga hata kuku, nami najivunia kuitwa mke wake, ila anakoroma, na akijilaza ukumbini baada ya chakula cha mchana namwona koo linaziba, kifua kinapanda na hewa haiingii, nahesabu mpaka ishirini, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka majini, mama mkwe anasema ni jinamizi, na msikitini wanamsifu kwa kurefusha sijda, Ijumaa moja imamu ametoa salamu yeye bado yuko chini, wazee wakasema, “Tazameni mja mnyenyekevu,” nilipohadithiwa nikajua kalala, lakini sifa ni tamu, yeye hakukanusha, na mimi sikukanusha.

Daktari alimwambia pumzi zake zinakatika usingizini, akamwandikia akapimwe, huenda akahitaji mashine ya kusukuma hewa puani, Bilali akasema, “Mimi nilale na mpira usoni kama niko wodini?” Ndipo Alawi akaleta kichupa cha mafuta ya bangi, eti Ulaya ndiyo tiba, na wiki mbili sasa mume wangu anatia matone chini ya ulimi, anaamka anacheka, “Esha, nimelala usingizi wa pono,” lakini Jumanne saa nne asubuhi lori limeingia shamba la mihogo pale Fukayosi, hakuna aliyeumia, tajiri wake kaambiwa alikuwa anamkwepa mbuzi, mimi nikamuuliza, “Baba Samia, mbuzi wa rangi gani?” akaomba maji ya kuoga. Nikiyamwaga mafuta atasema namdharau, nisipoyamwaga naogopa. Nifanyeje?

Esha, Mapinga

*

Bi Esha, shemeji yako umemjibu vizuri, kisha ukanyamaza palipotaka kelele.

Alawi anasema wanaopinga hawajasoma. Mimi nimesoma, tena mpaka mwisho, si kichwa cha habari peke yake. Ni kweli wapo watafiti waliojaribu kidonge chenye kiini kama cha bangi kwa watu wanaokatika pumzi usingizini. Walikuwa wagonjwa wachache, kwa wiki chache. Madaktari wa usingizi wa huko huko Ulaya na Marekani hawajashawishika, na wapo waliosema wazi kwamba ugonjwa huu usitibiwe kwa bangi. Na kile kilikuwa kidonge kilichopimwa. Kichupa cha Alawi kakipima nani? Sheria ya nchi nayo inaikataza, na siku Bilali akikamatwa nacho barabarani, shemeji yako hatakwenda mahabusu kwa niaba yake.

Huo usingizi wa pono usikudanganye. Mtu anaweza asihisi kukabwa na huku anakabwa. Tena bangi inapunguza wepesi wa mkono na jicho, na huyu anabeba tani za mawe kwenye barabara yenye watoto wa shule. Mbuzi wa Fukayosi unamjua wewe, anamjua yeye.

Fahari yako siigusi. Miaka ishirini na mbili bila kugonga ni heshima, na mimi nisiyemjua najivunia kuwa pwani yetu ina dereva kama huyo. Lakini wewe na wazee wa msikiti mmeusifu ugonjwa mkauita ucha Mungu. Mwambie wazi: “Ulilala.” Bilali hatoki Lugoba bila kupima upepo wa matairi yote. Iweje aone haya kupimwa pumzi yake mwenyewe?

Usiyamwage mafuta kwa siri. Mtake akupe kichupa kwa mkono wake, na daktari aambiwe ukweli kwamba aliyatumia. Asishike usukani mpaka daktari aruhusu. Aende akapimwe usingizi kwenye hospitali kubwa, na akipewa mashine aivae kila anapolala. Kwa sasa alale ubavu, na kama ana mwili, wewe upunguze nazi kwenye sahani yake, maana unene nao hubana koo. Akikataa, kamweleze tajiri wake wewe mwenyewe. Atakununia. Mvumilie, atakuwa hai.

Nanyi wenye malori ya kokoto Lugoba, nawajua mnasoma ukurasa huu. Madereva wanasingizia mbuzi kwa sababu anayekiri usingizi mnamfukuza kabla hajamaliza sentensi. Dereva akiwaambia, “Nalala barabarani,” mchukueni ufunguo, lakini kazi yake msimnyang’anye. Mpelekeni akapimwe. Daktari akimruhusu, mrudishieni lori lake.