Mbuzi Wangu Wanafunga

Ijumaa, 13 Februari 2026

Amepumua! Mbuzi wangu wa kwanza. Skrini ndogo kama stempu, nyumba yake kikopo cha mafuta ya kujipaka, betri nimeitoa kwenye laptop iliyokufa. Lakini amesimama, amepepesa macho, akalia "mee". Basi jina lake Mee.

Mchoro na programu nimevipata mtandaoni, kwa kikundi cha watu wanaotengeneza wanyama wa skrini na kuacha kazi yao wazi — yeyote achukue, abadilishe, agawe. Wao wana paka na dubu. Sisi huku mtaani Shauri Moyo tunaishi na mbuzi, kwa hivyo nimebadilisha. Vitufe vitatu: kulisha, kucheza, na kulala usiku bila njaa. Usipomlisha kila baada ya saa nne anadhoofika. Ukipitisha mara ya pili, anakufa.

Ami Faki alichungulia. Tangu baba afariki nyumba ni yake na neno ni lake. Eti msichana mzima, na diploma yake, anachezea mikebe. Nikamwambia si mikebe, ni vikopo. Mama akanikanyaga mguu.

Jumanne, 17 Februari

Wako kundi sasa! Makokha, rafiki yangu anayeuza mabaki ya redio na simu pale soko la Muthurwa, aliniwekea vitufe na spika ndogondogo. Watoto wa laini yetu ya nyumba wamegawana, kila mmoja na wake. Lela, binti wa jirani yetu Kawsar, ana miaka minane. Wake amemwita Bi Harusi na anatembea naye shingoni kwa uzi.

Makokha naye kajiundia mmoja. Ni Mkatoliki, kesho ni Jumatano ya Majivu, na sisi huku tunangoja mwezi wa Ramadhani. "Sasa Hikma, yangu itafunga Kwaresima aje? Mbuzi hata nyama haikuli." Nilicheka mpaka nikajichoma kidole kwa chuma cha kuchomelea.

Jumamosi, 21 Februari

Balaa.

Leo hakuna shule, watoto wakaamua kufunga kama wakubwa. Wakaapizana na mbuzi pia wafunge — atakayemlisha wake mchana ni kobe, sawa na mtu anayekula kwa kificho. Hakuna aliyeniambia. Na mimi! Nimekula daku na watu wote wa nyumba hii, na sikukumbuka kwamba zile saa nne za kwenye programu ziliwekwa na watu wasiofunga.

Baada ya adhuhuri wakaanza kufa. Mmoja mmoja, laini nzima.

Lela alikuja amekumbatia kikopo, hata kulia hawezi vizuri. "Dada Hikma, saumu imemuua." Nikamwambia hapana, ni mimi, nilikosea. Hakunisikia. Akaenda kwao akanywa maji jagi zima, akamwambia mamake hafungi tena, hataki kufa.

Kabla ya magharibi Kawsar yuko kwetu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema mtoto wake alikuwa anaipenda Ramadhani, na mimi na vidude vyangu tumemtia hofu nayo. Nimeona aibu. Ami Faki ndiye aliyemjibu: vidude vyote virudishwe Jumapili ya wiki ijayo, alasiri, avivunje kwa nyundo wazazi wakiona.

Avivunje! Hata hakuuliza kama vinatengenezeka.

Jumatatu, 23 Februari

Nimekaa na programu tangu asubuhi. Nitafanya hivi: mbuzi nao wafunge. Ikiingia alfajiri njaa inasimama, ikiingia magharibi inaamka.

Lela amekatazwa kuingia kwetu, kwa hivyo alisimama kizingitini, miguu nje, kichwa ndani. Akauliza Mee ni mtoto au mkubwa. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu mtoto hufunga nusu." Mtoto huyu ana akili kuliko mimi. Nikaandika: mbuzi mchanga ale adhuhuri, akikua amalize siku. Betri ikishuka sana, huyo ni mgonjwa, ale tu, atalipa baadaye. Haya yote nilisomeshwa chuoni, chuo cha Kurani, nikiwa na miaka kama yake, na aliyenisomesha ni Ami Faki mwenyewe.

Alipita akasema mnyama hana saumu, nachezea dini. Nikamwambia hata mtoto hana, anazoezwa tu, na hakuna anayesema tunachezea dini. Akaelekea mlangoni. Halafu akasema Jumapili ni Jumapili.

Haya. Nimeongeza kitu kingine. Magharibi ikiingia mbuzi watalia, na hawanyamazi mpaka walishwe. Kitufe cha kuzima sauti sikuweka. Makusudi.

Alhamisi, 26 Februari

Niliwatumia wale wa mtandaoni kazi yangu waiunganishe na yao. Wamejibu kwa adabu sana: wazo zuri, ila watumiaji wengi hawatalihitaji. Wengi gani hao? Waliwahesabia wapi?

Sikubembeleza. Nimefungua ukurasa wangu, nikaweka mchoro, programu, picha, maelezo yote kwa Kiswahili. Wazi. Achukue atakaye, na asiyetaka saumu aitoe kwake, kwangu inabaki. Hiyo Ami hana nyundo ya kuivunja.

Makokha alipiga simu. "Umekosana na mzee na internet wiki moja. Wewe ni noma." Akasema ameshaichukua ile programu, anajaribu kuweka Kwaresima.

Jumamosi, 28 Februari

Watoto wamekuja dirishani kwa zamu, nikawawekea programu mpya, mbuzi wakaamka tena. Hakuna aliyewatuma.

Kawsar alimwona Lela akinyoosha mkono dirishani kwangu. Nilidhani atamvuta sikio. Akageuza uso, akaendelea kuanika nguo.

Lela amefunga leo. Nusu. Yeye na Bi Harusi wamekula pamoja adhuhuri, mmoja wali, mmoja nyasi. Kesho anataka kumaliza siku.

Jumapili, 1 Machi

Naandika mlango nimeutia komeo. Nina hasira, si woga. Labda na woga kidogo.

Alasiri Ami alikaa sebuleni na karatoni miguuni, nyundo mezani. Wazazi wakaleta watoto, watoto wakatumbukiza vikopo mle ndani. Lela alikuwa wa mwisho. Alishika chake akamwambia: "Babu Faki, huyu leo anamaliza siku nzima. Na mimi pia. Usimvunje kabla hajafuturu." Kawsar akatazama chini. Ami akasema sawa, atavunja baada ya magharibi. Nadhani aliona ameshashinda.

Nikamwambia mbele ya watu wote: vunja. Nitaunda vingine, ukivunja hivyo nitaunda vingine tena, na mchoro sasa anao kila mtu. Mama leo hakunikanyaga mguu. Wazazi wakaondoka wakiwavuta watoto.

Kisha adhana. Tende mezani, uji, kaimati. Ami si mtu wa kuchelewesha futari, tende yake huwa mdomoni kabla mwadhini hajamaliza. Akainua tende — na karatoni ikaanza. Mee. Mee. Halafu kundi zima, kila mmoja na sauti yake, kama boma lililosahauliwa na mchungaji.

Akasema zima. Nikasema hawazimiki. Akasema basi wanyamazishe. Nikasema wamefunga tangu alfajiri na wana njaa, anayetaka wanyamaze awafuturishe, na kama hataki nyundo iko hapo mezani, nayo inanyamazisha. Nikachukua tende yangu nikaja huku chumbani. Simfungulii mtu.

Bado wanalia. Mama anasema kitu, simsikii vizuri kwa kelele. Kiti kimeburutwa. Karatoni inafunguliwa.

Ami anaita. "Hikma. Cha kulisha ni kipi, hiki cha kushoto?"

Sijibu. Alisema ni mikebe, na aitambue mwenyewe.

Mmoja amenyamaza. Nyundo sijaisikia.

Wa pili. Mama anamwambia Ami ale kwanza, uji unapoa. Anamjibu amngoje, bado wako wengi.