Wageni wa Utumbo

Manyatta, Kisumu
3 Machi 1991

Mjukuu wangu Adero,

U mzima huko Nairobi? Mimi nipo, nakonda tu. Anayeandika ni jirani yangu Kadija. Nasema, anaandika, na nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Barua yako ilisomwa mbele ya akina mama wa kanisa. Nikawaambia, huyu niliyemlea mimi dani, bibi yake, anapewa digrii kwa kujua wadudu wa utumbo! Perez akauliza, "Kwani hakukuwa na kazi safi?" Nikamuuliza mjukuu wake anasomea nini, kucha?

Lakini uliposema hata mimi ninao, nilishtuka. Nikanywa mafuta ya mbarika ya kuharisha, nikawafukuza wote. Sasa ni chai na mkate mweupe tu, wasirudi. Choo hakiniachi, nguvu sina. Mahafali yako nitafikaje?

Dani yako

Nairobi
11 Machi 1991

Dani mpendwa,

Mimi mzima, ila barua yako imeninyima usingizi. Hao si wa kufukuzwa, ni bakteria wetu. Chakula tusichoweza kusaga, kama maganda ya maharagwe na ugali uliolala, wao hukichachusha, kikatoa asidi fupifupi za mafuta. Ukuta wa utumbo mpana unakula asidi hizo. Ndizo zinaupa nguvu ya kunyonya maji na chumvi. Ukiwanyima bakteria, ukuta nao unalala njaa.

Muone daktari kwanza, halafu wape kidogo kidogo. Bila wewe sivai joho.

Mjukuu wako, Adero

Nairobi
2 Juni 1991

Dani, mbona kimya? Niambie tu kama unakula.

Adero

Manyatta
20 Juni 1991

Adero wangu,

Usinililie, sijafa. Ilikuwa aibu. Mimi, ambaye hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwangu na njaa, nimewatesa hao!

Daktari alininywesha maji ya chumvi na sukari. Nikaanza maharagwe, kijiko, mpaka sahani. Ugali wa jana, ule tunaouficha watu wakibisha hodi, sasa naula mezani Perez akinitazama. Choo kimetulia. Gauni la bluu limenikaa tena.

Shida ni moja: wakishiba wana kelele. Jumapili walisikika katikati ya maombi, pasta akafungua macho. Kadija anacheka, kalamu imemponyoka. Andika, wewe!

Nakuja, na ninakaa mbele. Jina lako likiitwa, ukisikia sauti ambayo si makofi, usione haya, mtoto. Ni wale uliowatetea, wanakushangilia.

Dani yako