Majani Niliyokutumia ya Mchungwa wa Baba

Kamina, tarehe 14 Novemba 1999

Mdogo wangu mpendwa Urbain,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa Mama, kutoka kwangu, na kutoka kwa wote waliojaa katika lupango, ua huu wa marehemu Baba. Huko Ubelgiji hali namna gani? Kifua kimepoa? Mama anauliza kama unalala na zile soksi za sufu, na anasema usijibu kwa kucheka, ujibu ndiyo au hapana. Sisi tuko wazima, Mungu anatusaidia. Homa ya tumbo ya mwaka jana ilimwacha Mama mwembamba, lakini ulimi wake haukupungua hata kidogo. Leo asubuhi amegombana na muuza sombe juu ya bei ya majani ya mihogo mpaka yule mama akamwongezea fungu ili anyamaze.

Ninaandika haraka kwa sababu Kanyinda wa shemindefere, yule wa kazi ya reli, anaondoka kesho na treni ya Lubumbashi, ya kwanza tangu wiki tatu, na kule atampa barua padri mmoja anayesafiri kwenda Brussels. Nina neno ambalo lazima likufikie kabla hujasimama mbele ya maprofesa wako mwezi wa kwanza kutetea kitabu chako. Nivumilie, nitalifikia. Kila siku ninawafokea watoto wa darasa la nne wasizunguke wanapojibu, na tazama ninavyozunguka mwenyewe.

Habari za hapa ni vita tu. Ndege zinashuka kwenye Base ya jeshi mchana kutwa, na wanafunzi wangu wanazijua kwa sauti kuliko wanavyoijua hesabu ya saba mara nane. Watu wanazidi kufika kutoka upande wa Kabalo, kwa miguu. Kwetu tunalala kumi na mmoja tangu Mama Germaine, mjane wa yule rafiki wa Baba aliyekuwa mpiga breki wa treni, alipofika mwaka jana na binti zake na wajukuu. Ni watu wema. Wanakula bukari, ugali mtupu, bila kuuliza mboga iko wapi.

Barua yako ya mwezi wa nane niliisoma kwa sauti mbele ya wote. Ulieleza vizuri hata mimi nikaelewa: kwamba ndani ya jani mna chembe za kijani zinazopika chakula cha mti kwa nguvu za jua, na kila chembe, hiyo kloroplasti, ina maandishi yake ya urithi, mbali na yale mengine ya mti. Na kwamba katika jamii ya machungwa na ndimu maandishi hayo hutoka kwa mama peke yake, baba hatii mkono. Kwa hiyo anayeyasoma katika jani la leo anaupanda ukoo kwa upande wa mama, bibi mpaka bibi wa bibi, hadi kwenye miti ya Asia ya zamani sana. Mama alicheka. Alisema wazungu wamenunua mashine zote hizo ili wajue kwamba mama njo mwenye mtoto, kumbe wangemuuliza yeye.

Lakini hakucheka nilipofika ukurasa wa tatu. Uliandika kwamba machungwa yote uliyopima, ya Hispania, ya Brazili, hata ya Kisangani, upande wa mama ni balungi, lakini mchungwa wa Baba hapa Kamina upande wa mama ni mandarini. Kwamba profesa wako hakuamini, akarudia kipimo, na ikawa vilevile. Kwamba sura kubwa ya kitabu chako imesimama juu ya mti huo, na aina hiyo mpya umeipa jina la Kapenda, jina la Baba. Mama alifunika uso kwa kitenge akalia. Jumapili ikatangazwa kanisani. Wazee watatu wa atelié, karakana ya reli alikofanya kazi Baba, walikuja kutupongeza wamevaa kravati shingoni, katika joto lile, wakakaa wakisema jina la Baba kana kwamba ameitwa kazini upya.

Mimi niliwaandalia chai bila kukaa nao. Kwa sababu chini ya ukurasa ule uliandika orodha ya miti mingine, na mstari wa mwisho ulisema kwamba ile ndimu kubwa yenye ngozi ya mabonde, nayo upande wa mama ni mandarini. Wewe ulipita juu ya mstari huo. Mimi nimeusoma labda mara hamsini.

Urbain, majani yale hayakutoka kwenye mchungwa wa Baba. Mchungwa wa Baba haupo tena. Niliukata mimi.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Wauza makala ya kupikia hawakuthubutu kwenda porini, na aliyethubutu alinyang'anywa njiani. Mama alikuwa na homa ya tumbo, mjukuu mdogo wa Mama Germaine naye, na muuguzi alisema wasinywe tone la maji yasiyochemka. Tulichoma mlango wa jikoni. Tulichoma kitanda chako, nisamehe na hilo. Halafu nikachukua shoka la Baba nikasema nitakata tawi moja tu, lile lililoelemea ukuta. Kesho yake tawi jingine. Kuni mbichi, moshi unatoa machozi, na mimi nikashukuru moshi kwa sababu hakuna aliyeniuliza kwa nini ninalia. Mwisho nilikata shina lenyewe, juu kidogo ya goti. Mama alipona, na mtoto alipona.

Barua yako ya kuomba majani ilipofika mwezi wa pili, pamoja na vile vishanga vya bluu vya kukaushia, kisiki kilikuwa kimechipuka. Lakini machipukizi yalitoka chini ya pale Baba alipounga. Unakumbuka aliunga kijiti cha chungwa juu ya shina la ndimu ile ya mabonde, kama watunza bustani wa shemindefere walivyomfundisha. Juu ya kiungo hapakutoka kitu. Nilisimama pale na mfuko wako mkononi. Kukuandikia kwamba nimeuteketeza mti wa Baba sikuweza. Nikajiambia, mti ni mmoja, mzizi ni uleule alioupanda kwa mkono wake, jani la chini litasema habari ileile ya jani la juu. Nilijidanganya, mdogo wangu. Machipukizi yalikuwa na miiba mirefu na majani yalinuka ndimu, na vidole vyangu vilijua. Wewe uliagiza nichane majani vipande vidogo ili yakauke upesi, basi nikachana, ikawa hakuna wa kuyatambua. Ulichosoma katika mashine ni mama wa ndimu. Wewe hukukosea kitu.

Nimetafuta kama kuna mti mwingine uliotoka kwa Baba. Nilisikia alimpa mtu wa Luena kijiti cha kuunga, nikaomba nafasi kwenye lori nikaenda. Nyumba ile imebomoka na ua wote umelimwa mihogo. Kwa hiyo sina jani la kweli la kukutumia, na ile sura ya kitabu chako najua nimeiangusha. Nikasirikie. Uniandikie hata matusi, nitayasoma yote, lakini usikae kimya.

Jana nilimwambia Mama, nikitegemea atanifukuza. Aliendelea kuchambua sombe. Kisha akasema aliujua moshi ule tangu siku ya kwanza, akiwa amelala, kwa sababu kuni za mchungwa zina harufu yake. Alisema aliposikia barua yako alijua kwamba kuna kitu hakiendi sawa, akanyamaza, kwa sababu na yeye alitaka kusikia jina la Baba kanisani. Akanisimulia kwamba mwaka wa 1971 mkubwa wa atelié alimletea Baba karatasi atie sahihi kwamba breki za mashini fulani ya treni ni nzima, mashini ambayo fundi mwingine ndiye aliyeishika. Baba alikataa. Treni ililala Kamina siku nzima na mkubwa akamtukana mbele ya watu. Mama anakuagiza hivi: toa jina la Kapenda katika kitabu, na ukiulizwa kwa nini, sema kweli, taja na jina langu.

Anakusalimu sana. Mama Germaine pia anakusalimu, na yule mtoto aliyepona, ambaye sasa anakimbia mpaka tunamfunga kamba kiunoni. Mungu akutie nguvu siku hiyo ya maprofesa, usimame wima.

Ni mimi Yaya yako niliyekutangulia kuzaliwa,
Kabedi

Alama hii ya wino hapa chini ni kidole cha Mama. Hajui kuandika, lakini amekataa niweke jina peke yangu.