Mstari Nilioruka

Nambis, Mbulu,
9 Juni 2024.

Mpendwa dada Agatha,

Shikamoo. Baridi ya Songea mwaka huu ikoje? Na mguu wa shemeji, anaukanyagia sasa? Huku tunapumua. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Mahindi yamekubali, maharage yameoza na mvua.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya hapa inashikwa na kila mtu. Habari ya Gidion umeisikia redioni. Ndiyo, ni ndugu yetu, mwandishi wa gazeti, yule wa kofia nyekundu na maneno ya wanyonge na mabepari. Yeye na wenzake walichoma ofisi ya shamba la mwekezaji kule Hanang. Mlinzi alikuwa ndani, Baltazar wa Gitting, baba wa watoto wanne. Amekufa. Gidion hajulikani alipo.

Wazee wametutenga kwa ajili ya damu hiyo. Hakuna anayeingia kwetu, na ng'ombe wetu wananyweshwa peke yao kule chini. Anayewapeleka ni mimi, nani mwingine?

Na bado mama anamwekea Gidion maziwa kwenye kibuyu chake. Kila asubuhi! Maziwa ninayokamua mimi. Makala zake zimejaa ukutani mpaka juu ya kitanda. Mimi nilipofaulu darasa la saba niliulizwa ng'ombe watachungwa na nani. Namwonea wivu, dada, tangu tukiwa wadogo, na wewe unajua.

Sasa sikia. Mwezi wa tatu alimletea mama barua kwa kondakta wa basi. Mama hajui kusoma, msomaji ni mimi. Gidion aliandika kwamba kalamu imemchosha, miaka tisa anaandika habari za mashamba na hakuna hata eka moja iliyorudi kwa wenyewe, na sasa wenzake wanasema dawa ni moto. Mwishoni akaweka mstari: "Mama akisema niache, nitaacha."

Sikuusoma. Mimi nilishamsihi kwenye simu mara tatu aachane na wenzake hao, akanicheka, "Hilaria, wewe kamua ng'ombe." Halafu kwa mama neno moja tu linatosha! Roho iliniuma, jamani. Yale ya moto nikayageuza kuwa habari za kazi mpya, nikakunja karatasi, nikasema anakusalimu sana. Nilidhani ni majigambo yake ya siku zote.

Barua iko chini ya mto wa mama. Kila siku ananipa nimsomee tena, na kila siku naruka palepale. Jana alilia, akasema, "Angeniuliza tu. Ningemkataza."

Ukija Desemba, wazee wakishatufungulia, atakupa wewe umsomee. Usiruke kitu, dada. Mimi nitakuwa nimepeleka ng'ombe kunywa.

Nisalimie shemeji, na Violeth, na Modest mwambie asome kwa bidii. Mungu aifunike nyumba yenu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kwa roho yangu hii mbaya,

Hilaria