Randa ya Mzee Ndyamukama

Mama Ankunda,

Nimeenda Kaisho kupima milango ya kanisa. ~~Nitarudi kesho.~~ Narudi leo leo, siwezi kulala huko na habari hii.

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Ya kwenye ndoo ya buluu asinywe mtu. Ndiyo ile pombe ya ndizi, rubisi ya wageni wako iliyochachuka, niliyoilowekea randa ya marehemu baba yako. Jana ulinisema mpaka majirani wakasikia, ndiyo maana leo sikukuamsha. Lakini kutu yote imetoka, mke wangu. Chuma kinang'aa utadhani kimetoka dukani.

Alfajiri nikanoa kisu chake, nikaijaribu kwenye ubao wa musizi. Ikanigomea. Mpini ulinibana kiganja mpaka nikaanza kumnung'unikia mzee kaburini kwa kutuachia mzigo. Halafu nikaona pale palipolika kwa kidole gumba chake pako upande wa pili. Nikabadili mkono. Maranda yakatoka marefu, membamba, hayakatiki.

Sasa nimeelewa kwa nini kaka zako wote walishindwa nayo, wakaifanya ya kuzuilia mlango wa banda la kuku. Mzee alitumia mkono wa kushoto, na kati ya watoto wake ni wewe tu uliyeurithi.

Ubao nimeuacha umebanwa kwenye meza ya kazi. Usiningoje. Anza.

Baba Ankunda